Kimashine cha Daktari Mkumbo

"Nani amevuta sigara chooni?" Daktari Mkumbo aliiuliza wodi nzima, mkononi kashika kimashine kipya cha kupima moshi katika pumzi. Wagonjwa wakajifunika mashuka.

"Sawa. Kila mgonjwa atapuliza. Taa ikiwaka nyekundu, hakuna upasuaji, unarudi nyumbani."

Bi Mashavu, muuza vitumbua, alikuwa apasuliwe kesho yake, atolewe mawe ya nyongo yaliyomliza mwaka mzima. Na sigara alikuwa anavuta tangu usichana. Alipopewa kimashine akakigeuzageuza.

"Mwanangu daktari, mimi nimezoea kupuliza moto wa kuni. Nitakijaza mate bure. Hebu tuonyeshe."

"Unapuliza tu, mama."

"Polepole au kwa nguvu? Hata hawa wanafunzi wako wanataka kuona."

Wanafunzi wa udaktari wakasogea. Daktari, mdomo ukinukia pipi ya mnanaa, akapuliza kidogo sana, kama anayepoza chai. Taa ikawaka nyekundu, na kimashine kikapiga kelele iliyosikika hadi wodi ya wazazi.

"Kibovu hiki," akasema haraka, akakitia mfukoni.

"Kibovu kabisa," Bi Mashavu akamuunga mkono. "Kwa hiyo hakuna anayerudi nyumbani?"

"Hakuna."

"Na mimi kesho napasuliwa?"

"Unapasuliwa, mama."

Bi Mashavu akamwashiria ainame, akamnong'oneza sikioni:

"Basi naomba ututafutie dawa ya kuacha sigara, baba. Ya watu wawili."