Antena Iliyotazama Mrinji

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni ile ya redio za betri, kilima cha Ndorwe kilikuwa na vijiji viwili. Mbele ya kilima kulikuwa na Mrinji, kijiji kikubwa chenye zahanati. Nyuma yake, bondeni, kulikuwa na Kisesheni, nyumba kumi na moja tu. Kutoka huku kwenda kule ni mwendo wa nusu siku. Kaeni vizuri, maana hadithi hii hainifurahishi na nitaisimulia mara moja.

Watu wa Mrinji walipata kibali cha kuwa na redio yao wenyewe. Mtambo ulikuwa mdogo, unabebeka kwapani, na nguvu yake haikuzidi ya taa ya chumbani. Kazi ya antena akapewa Mbonea, fundi wa redio. Mbonea akakata mabomba ya alumini kwa msumeno, akayapima kwa futikamba aliyoazima kwa Mama Namkunda, fundi cherehani na mwenyekiti wa kamati ya redio. Kila bomba sentimita sabini na mbili na nusu, si zaidi, si pungufu. Moja likasimama wima, manne yakatandazwa chini yake, yote juu ya mlingoti wa mkaratusi kileleni. Redio ikasikika Mrinji, ikasikika Kisesheni, lakini kote kwa mkwaruzo.

Watu wa Mrinji wakanung'unika. Mbonea akaiambia kamati, "Sauti hii ni ndoo moja ya maji. Antena haiongezi maji, inachagua bustani tu. Hii ya sasa inamwagilia pande zote, kidogo kidogo. Naweza kuunda nyingine, ya vijiti vingi vilivyopangwa kwenye bomba moja. Hiyo inamwaga mbele. Nyuma patabaki matone."

Mama Namkunda akauliza, "Mbele kuna nyumba ngapi?"

"Mia tatu na ushee, pamoja na zahanati."

"Na nyuma?"

"Kumi na moja."

"Basi igeuze mbele, fundi."

Tukapiga makofi. Nami nilikuwepo, na mikono yangu ilipiga kama ya wengine.

Mbonea akaunda, akapandisha, akafunga boliti. Mrinji sauti ikawa safi, hata mtangazaji akikohoa unamwambia pole. Kisha Mbonea akachukua redio yake akaenda kupima upande wa nyuma. Akafika pale njia inapoanza kushuka, akawasha, akasikia. Akarudi akatuambia, "Hata nyuma panasikika." Tukafurahi sana, tukamwamini.

Miezi miwili ikapita. Jumanne moja akafariki Bibi Naelijwa wa Mrinji, aliyekuwa akiugua kifua muda mrefu. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Nanzia, naye aliolewa Kisesheni. Kwetu mtoto ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini. Shemeji wa marehemu akachukua fimbo yake aende kumwita, kama tulivyofanya siku zote. Eliamani, mtangazaji wa redio, akamzuia mlangoni.

"Kaa, baba, pumzisha miguu. Mimi nitamwita mara tatu kwa siku."

Kweli akamwita, asubuhi, mchana na jioni. Aliita vizuri mpaka sisi tuliomjua marehemu tukalia upya. Alhamisi tukasubiri kaburini hadi jua likainama. Nanzia hakuja. Watu wakaanza kunong'ona: amesikia, amepuuza, huyo si mtoto. Tukazika bila yeye.

Siku ya tisa Nanzia akatokea. Alivaa kitenge cha rangi, kapu la magimbi kichwani, akaanza kuita tangu uani, "Mama, hodi! Leo umeamkaje?" Alichokiona ni tuta la udongo mbichi kando ya nyumba. Hakulia mbele yetu. Aliweka kapu chini, akageuka, akarudi alikotoka. Tuliomsengenya tukatazama chini. Mpaka leo nikikumbuka ile hodi naona aibu.

Sasa, kijijini kwetu aliyekosa hubeba jani la isale hadi kwa aliyemkosea, na likipokewa neno limekwisha. Lakini jani ni moja na mbebaji ni mmoja, yule mwenye kosa. Wakilibeba watatu, ni kumdhihaki mfiwa.

Mbonea akasema, "Isale ni langu. Niliwaambia nyuma panasikika, na sikushuka bondeni kwenye nyumba zao. Mawingu yalikuwa yanafunga, nami nilivaa viatu vipya. Mimi ndiye niliyewadanganya."

Mama Namkunda akasema, "Isale ni langu. Fundi alinieleza wazi kwamba nyuma patabaki matone, nikaelewa. Nilihesabu watu kama ninavyohesabu vifungo. Hata kuwapelekea habari kwamba tunawageuzia mgongo, sikupeleka."

Eliamani akasema, "Isale ni langu. Antena ni vyuma tu. Mtu alikuwa amesimama, fimbo mkononi, nikamketisha. Nilipenda sauti yangu iwe ndiyo mjumbe."

Wakabishana njia nzima, kila mmoja akilivutia jani kwake, mpaka wakafika mlangoni kwa Nanzia. Wakamwambia, "Mwanetu, chagua wewe. Nani akupe?"

Nanzia akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na redio yake, akaiwasha. Ikakoroma tu.

"Imekuwa hivi miezi miwili," akasema. "Nilidhani ni betri. Nilizianika juani, nikaziuma kwa meno. Mume wangu aliniambia, nenda Mrinji ukamwambie fundi. Nikasema, nani atasikiliza nyumba kumi na moja? Na Mama nilijua anaumwa. Kila siku nilisema, likitokea jambo redio itaniambia. Miguu ninayo, jamani. Miguu hii ninayo, na sikwenda."

Akanyoosha mkono. "Nipeni hilo jani nimpelekee Mama."

Mbonea hakuliachia. Mama Namkunda hakuliachia. Eliamani hakuliachia. Mikono minne ikashika jani moja, na aliyestahili kuwasamehe wote alikuwa amekwisha kuzikwa.

Nyinyi mnaonisikiliza, jibuni, maana mimi nimeshindwa: je, nani alistahili kubeba isale?