Pete na Ndege ya Saa Mbili

Kaeni vizuri, maana hadithi hii siimalizi mimi. Mtaimaliza ninyi.

Bi Mwanaidi wa Kigoma alijaliwa watoto watatu. Shomari alijua umbali: mtajie miji miwili, naye atakupa kilomita na muda wa ndege bila kushika karatasi. Hawa, kitinda mimba, alifanya kazi Dar es Salaam, na safari haikuwahi kumshinda. Mariamu, mkubwa wao, alijaliwa mdomo. Akikusimulia harusi usiyoihudhuria, unaondoka umeshiba pilau.

Mama akaugua, na macho yake yalikwishafunikwa na mtoto wa jicho. Akagusa pete yake ya fedha, akasema, "Atakayenikutanisha na Hawa, hii ni yake."

Shomari alihangaika mpaka akapata kiti cha mwisho kwenye ndege ya kesho yake. Hawa akampigia simu.

"Kaka, ndege saa ngapi?"

"Saa mbili, mdogo wangu. Jina lako lipo, wewe nenda tu."

Masikini Shomari! Yeye alikuwa akihesabu mwendo wa angani. Ndege yenyewe iliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Hawa alijihimu ili aiwahi ya saa mbili, akafika uwanjani saa kumi na mbili na nusu.

Hakurudi nyumbani kulia. Alikimbilia mabasi, akakosa kiti, akaenda Kigoma amekalia begi lake.

Habari zilimkuta Mariamu jikoni, anakata vitunguu. Alijua basi litamkuta mama kaburini. Chumbani mama alihema kwa shida. "Wameruka?"

"Wameruka, mama. Sasa wapo juu ya Morogoro."

Akamsimulia mawingu, na abiria wa dirishani anayesinzia. Kila mama alipotaka kuzimika, Mariamu alimwongezea mji: Dodoma, kisha Tabora, na reli inaonekana kule chini. Saa mbili nzima. Ndege ilipotua mdomoni mwake, alitoka, akafungua mlango upya, akaketi kimya na kumpa mama mkono.

Mama akaupapasa. "Hawa. Umefika." Akamvisha pete. Kisha akauliza taratibu, "Mbona mkono wanuka vitunguu?"

Hakungoja jibu. Akakata roho.

Hawa alifika kesho yake alasiri, udongo wa kaburi ungali mbichi. Mariamu akavua pete, akaiweka mkekani.

"Bila kile kiti, mama asingekuwa na cha kungojea," alisema Shomari.

"Aliyekuja ni mimi," alisema Hawa. "Nyinyi mlikuwa hapa hapa."

Mariamu, mwenye mdomo wake, aliisogeza pete mbali naye. Alikuwa bado anakisikia kile kidole cha mama kikimvisha pete, na hakujua kilikuwa kikimvisha nani.

Leo ni arobaini ya marehemu. Pete imefungwa kwenye pindo la kanga, na wenyewe watatu wameshindwa hata kutazamana. Haya, wewe uliyenisikiliza: ungeamua vipi? Pete ni ya nani?