Jina la Vazi Jipya la Msonge

Sogeeni, na mwenye karanga atafune taratibu. Hadithi hii ikiisha mtagombana, nami nitakuwa nimeshaondoka zangu.

Pale Tanga alikuwepo Bi Tunu, mwanamke aliyeunda Msonge. Msonge huu si nyumba, ni kiunzi cha kujengea tovuti. Ukitaka tovuti ya duka au ya shule, unachukua Msonge, unatia maneno yako, umemaliza. Usipochagua rangi wala maandishi, Msonge unaivika tovuti yako vazi lake la kawaida. Na watu wengi, nawajua mimi, hawachagui.

Bi Tunu alikuwa na mafundi watatu. Kidawa alikuwa na jicho: akiutazama ukurasa tu, anajua msomaji atakwama wapi. Mhina alikuwa na mikono, na hakuna msimbo wa kompyuta uliowahi kumshinda. Semkiwa, yeye alikuwa na wasiwasi. Msicheke! Wasiwasi ndio akili. Bi Tunu aliringa na mafundi wake hawa kila mahali, hata harusini kwa watu.

Mila yao ilikuwa hivi: vazi la Msonge, kama kanga, halitoki bila jina. Jina lenyewe ni la mtu mmoja, yule aliyelifanya litoke. Vazi la kwanza liliitwa Tunu, na jamani, lilikuwa limezeeka. Maandishi madogo, rangi ya kijivu, visanduku vya kujazia havina hata mstari. Wazee walikuwa wakibonyeza hewa. Lakini nani aliguse? Tovuti chungu nzima zilijengwa juu yake. Ukikosea, unamvua mtu nguo sokoni.

Siku moja Kidawa akajikaza. "Bi Tunu, niwie radhi. Vazi lako limechuja."

Maneno yalimchoma Bi Tunu, asikufiche mtu. Hata hivyo akasema, "Basi nishonee jingine, mwanangu."

Kidawa akaketi na mashangazi wa mtaani, akawapa simu, akawa anatazama vidole vyao vinakosea wapi. Akakuza herufi, akavizungushia visanduku mistari, akatia vitufe buluu iliyokolea yenye maandishi meupe. Bi Tunu alipoliona vazi hilo alipiga kigelegele mle mle ofisini. Siku ya kulitoa ikatangazwa.

Semkiwa hakushangilia. Alikaa akifungua tovuti za zamani, moja baada ya nyingine, akizivisha vazi jipya kwa majaribio.

"Dada, unatafuta mchawi?" Mhina akamtania.

Akafika kwenye tovuti ya zahanati, pale wagonjwa wanapoombea miadi. Kitufe cha kutuma hakipo! Kumbe mwenye tovuti zamani alikipaka kitufe rangi nyeupe, akitegemea maandishi ya kijivu ya vazi la zamani. Sasa maandishi yamekuwa meupe, juu ya nyeupe.

"Mgonjwa atabonyeza nini?" Semkiwa akauliza, na utani ukaishia hapo. Alipoendelea kutafuta, akakuta tovuti za namna hiyo ni tele.

Kidawa machozi yakamlengalenga. "Kwa hiyo tulitupe?"

"Hatutupi kitu," Mhina akasema, akakunja mikono ya shati. Akaandika msimbo mpya, akaufuta, akauandika tena, chai ikampoa mezani. Mwishowe Msonge ukajifunza kuiuliza kila tovuti: wewe umejengwa kwa toleo gani? Ya zamani inabaki na vazi lake, haiguswi hata kifungo. Mpya inavaa jipya. Na ya zamani ikilitaka jipya, inaliomba kwa mstari mmoja tu. Semkiwa akaijaribu zahanati, kitufe kikaonekana. Akajaribu tovuti mpya, ikapendeza.

"Si niliwaambia?" Mhina akajigamba, na wala hakuwa amemwambia mtu kitu.

Siku ikafika. Mafundi wa miji mingine wamejaa ukumbini, Bi Tunu yuko mbele ya kompyuta, na kila kitu tayari isipokuwa jina. Likishaandikwa halifutwi, maana kila tovuti itakayojengwa italiita kwa jina hilo hilo, na kulibadilisha ni kuzivunja zote. Akaona awaulize wenyewe, huenda mmoja atamwachia mwenzake. Wapi!

"Andika langu," Kidawa akasema. "Bila mimi kulikuwa na nini cha kutoa? Hawa wamelilinda, lakini walilinda kazi yangu."

"Andika langu," Semkiwa akasema. "Bila mimi, leo tungekuwa tunawaomba radhi wagonjwa, si kupiga makofi."

"Langu," Mhina akasema. "Bila mimi, vazi la Kidawa lingeozea kabatini, na wasiwasi wa Semkiwa ungebaki wasiwasi."

"Unganisheni!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Kidamhikiwa?" Bi Tunu akamgeukia. "Hilo ni jina au dawa ya kikohozi? Jina ni moja!"

Akawatazama vijana wake. Fahari ilimjaa kifuani, kwa kuwa wote watatu walisema kweli. Na hapo hapo roho ikamuuma, kwa kuwa wawili kati yao angewavunja moyo mbele za watu. Akaweka vidole kwenye vibonye.

Haya, ndugu zangu, vidole hivyo ni vyenu sasa. Mngeandika jina la nani? Na mkishaliandika, wale wawili mngewageukia na kuwaambia nini?