Koti Moja, Migongo Mitatu

Haya niliyaona mwenyewe, kwa macho haya mawili, nikiwa nimesimama mlangoni mwa kiwanda cha chai kule Rungwe. Anayesema sikuwepo, yeye ndiye hakuwepo.

Kulikuwa na vibarua watatu. Tusekile, mwanamke kiziwi tangu utotoni: kiganja chake kiliisikia mashine kuliko masikio ya mafundi. Bizimana, mzaliwa wa Burundi, mwembamba, joto halimtishi. Na Bi Mwanahawa, mtu mzima, ambaye pua yake ilijua chai imeiva lini. Msimu ulikuwa unaisha. Vibarua wote wangerudi makwao, abaki mmoja tu, avikwe koti la msimamizi wa zamu. Zamani Tusekile alilililia koti hilo. Sasa alilitazama kama nguo ya jirani iliyoanikwa.

Siku moja Tusekile aliweka kiganja kwenye mashine ya kukaushia, akahisi mtetemo asioujua. Akaizima. Watu wakafoka, yeye aliona midomo tu. Walipofungua, mnyororo ulikuwa umeshikwa na pini moja. Ungekatika mashine ikienda, kiwanda kingewaka moto.

Bizimana akajifunga gunia lililolowa, akajipenyeza ndani kungali kunachoma.

"We Mrundi, usituachie mguu humo!" mafundi wakamtania.

"Nikiuacha, ufanyeni kitoweo cha ugali!"

Alitoka mnyororo mpya umekaa, na mgongo wake umebabuka.

Huku nje majani yaliyosagwa yalikuwa yanazidi kuiva, na yakipitiliza ni ya kutupa. Bi Mwanahawa akayatandaza yapoe, akawa anainama na kunusa. "Haya bado. Haya peleka sasa hivi. Hayo, mwanangu, usiyaguse!" Hakikuharibika hata kikombe kimoja.

Meneja akawaita uani, koti mkononi. "Makao makuu wanataka msimamizi mwanamke. Wanataka mlemavu. Wanataka na mtu wa mbali. Mimi nimepewa koti moja."

"Mpe Tusekile, huyo ni wawili kwa mmoja!" akadakia fundi, wenzake wakacheka.

"Hasikii. Nani atamwita?" akauliza fundi mwingine.

"Mpungie mkono, una kazi gani nao?" akasema Bi Mwanahawa. "Ila na mimi ni mwanamke, tena nimezeeka. Nihesabuni mara mbili."

"Na mimi mgeni, tena nimeungua," akasema Bizimana.

Bi Mwanahawa akamweleza Tusekile yote kwa vidole, bila kumficha hata kicheko. Tusekile akaitikia kwa kichwa. Hakukasirika, hakutumaini. Aliona tu kwamba katika maneno yote yale hakuna aliyetaja mashine.

Meneja akakuna kichwa, akawatazama mmoja mmoja.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: bila kiganja, kiwanda majivu; bila mgongo, mashine imelala; bila pua, chai jalalani. Koti mngemvika nani, na wale wawili mngewaambia nini?

Semeni kweli, maana nami nimesema kweli tupu. Ila hapo meneja alipokuna kichwa, hapo nimetia langu. Hakukikuna.