Hodi ya Kiangazi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Tuambie wewe!

Pakawa bustani, jamani, na mwenyewe amebaki ndani peke yake.

Hapo zamani za kale alikuwako mtu akiitwa Mbwarahaji. Mkewe, Mwanaesha, alikufa angali kijana, naye akamzika bustanini, chini ya mwasumini alioupanda marehemu kwa mkono wake. Tangu siku hiyo, harufu ya asumini ndiyo iliyokuwa mke wake.

Bustani ile ilikuwa na wageni wanne, ndugu wa tumbo moja. Masika huja akanywesha mizizi. Kipupwe huja akapoza majani. Vuli huja na manyunyu yake, mwasumini ukachanua, ukawa mweupe pe. Kisha huja Kiangazi na ufagio wake, akapukutisha kila kitu, ardhi ikapumzika. Desturi yao ilikuwa moja: mgeni hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa hurudi alikotoka. Na aliyemo ndani hatoki mpaka ndugu yake aingie.

Kila Kiangazi alipopita, Mbwarahaji alilia kama aliyefiwa upya. Mwaka mmoja akasema, "Simziki mke wangu kila mwaka. Basi!" Akalikomea lango.

Kiangazi akaja.

"Hodi!"

Mbwarahaji kimya. Kobe aliyeishi kando ya kaburi akamwambia, "Bwana, mgeni mlangoni. Mwitikie."

"Nyamaza!"

"Hodi!"

Mbwarahaji kimya.

"Bwana we, mwitikie!"

"Nyamaza, nimesema!"

"Hodi, wenyewe!" Safari hii sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyevunjika moyo.

Mbwarahaji akaziba masikio. Nyayo zikaenda zao. Kobe naye akajikokota, akapenya chini ya ua, akahama.

Asumini zikabaki pale pale mtini. Mbwarahaji akacheka, akajilaza kaburini. "Umeona, Mwanaesha? Hufi tena."

Vuli akaenda langoni ili atoke, asimkute ndugu yake. Akarudi, akanyesha. Akaenda tena, akarudi, akanyesha. Mara ya tatu hakwenda. Alikaa kitako juu ya kaburi, akanyesha usiku na mchana.

"Toka basi!" Mbwarahaji akafoka.

"Nitokeje, bwana? Wa kunipokea umemfukuza wewe."

Maua yakaoza. Majani yakaoza. Mizizi ikaoza, mwasumini ukaanguka. Harufu ya asumini ikageuka uvundo. Kaburi likatitia, likawa dimbwi, hata mahali alipolala Mwanaesha pasijulikane tena.

Mbwarahaji akakimbia, akalifungua lango wazi. "Karibu! Karibu! Karibu!" Nje palikuwa na jua kali na vumbi tupu. Hakuna mtu. Akarudi, akapiga magoti topeni akimtafuta mkewe kwa mikono, huku akiita karibu, karibu, mpaka sauti ikakauka, mpaka tope likamfika kifuani. Hakuonekana tena. Wapitao kule husikia chura mmoja tu akiita, na hakuna anayemtupia jiwe.

Nimeifunga hapo. Funzo lake ni hili: aliyekufa ukimwacha alale, hukaa nawe; ukimng'ang'ania, humpotezi yeye tu, na wewe unapotea. Iliyonoga ichukueni mkalale nayo, iliyooza niachieni mie.

Hebu, nani huyo anapiga hodi? Mwitikieni, jamani, msiningoje mimi!