Moto wa Siku ya Gulio

Wapendwa, nitasema polepole. Tangu mazishi sauti yangu haijarudi sawasawa. Mnivumilie, na walioko nyuma wasogee mbele.

Palikuwa na kijiji cha wafinyanzi, mahali ambapo hata mtoto wa kutambaa ana udongo kwenye kucha. Kijiji hicho kilikuwa na sheria moja nzuri. Mtu akibuni kitu kipya alikitia alama ya ukucha wake shingoni, na tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukitengeneza, wala kuutumia ujuzi wake, isipokuwa kwa idhini yake.

Msiidharau sheria hiyo. Kabla haijawekwa, mtu alibuni chungu kizuri asubuhi, na jioni majirani walikuwa wameshakiiga. Yeye aliyeharibu udongo msimu mzima akijaribu, hakuambulia kitu. Watu wakachoka kubuni. Walisema, kwa nini nipike mimi, wale wengine? Sheria ya ukucha ndiyo iliyowarudishia moyo.

Mmoja wa waliopata alama alikuwa mama mjane aliyebuni jiko jepesi. Alichanganya udongo na pumba za mpunga. Pumba zikiungua motoni huacha vitundu vidogo, na jiko likawa jepesi kubeba na lenye kutunza joto. Hakufika hapo kwa siku moja. Majiko mengi yalimpasukia, na watu walimcheka: "Mama, unafinyanga au unalisha kuku?" Aliendelea. Alipofaulu alipewa alama yake, na majiko yale yakasomesha wanawe. Mimi ninamheshimu mama huyo, na nataka nanyi mmheshimu, maana mbele kidogo mtajaribiwa kumchukia.

Katika kijiji hicho alikuwapo pia mama kijana. Mvua kubwa zikinyesha, maji ya mto wao yaligeuka kama chai ya maziwa, na watoto wakaharisha. Kuni za kuchemshia kila kikombe hazikutosha. Mama huyu alikuwa amemzika mtoto mmoja. Wa pili, msichana, alianza kukonda vilevile. Ndipo mama akafikiri: kama pumba zinaacha vitundu kwenye jiko, je, nikifinyanga mtungi wa udongo huo, maji hayatapita polepole na kuuacha uchafu nyuma?

Akaenda kwa mama wa majiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kuchukua jiko?"

"Nimekuja kuomba, mama. Uniruhusu nichanganye pumba na udongo, nijaribu mtungi wa kuchuja maji. Mtoto wangu anaisha."

"Mtungi wenye matundu!" Mama akacheka. "Huo ni mtungi au chekeche?" Kisha akakunja uso. "Pole kwa mtoto. Lakini pumba ni zangu. Leo nikikuruhusu wewe, kesho atakuja mwingine na jiko zima kichwani, aseme naye alikuwa anajaribu tu. Nitawatofautishaje?"

Wapendwa, swali hilo si la kijinga. Wenye sheria wa dunia nzima wanalikunia vichwa.

Mama kijana akarudi nyumbani. Sasa niambieni ninyi mliozaa: amezika mmoja, wa pili anakonda, je, atakaa tu na kuitii alama? Hakukaa. Akajaribu kwa siri.

Lakini kuchoma vyungu hakuna siri. Ni kazi ya kutwa. Moto huanza mdogo, hulishwa kidogo kidogo, na moshi wake huonekana tangu mbali. Mama huyu hakuwa na kutwa ya kuchomea. Alingoja siku ya gulio, kijiji kizima kikiwa kimekwenda kuuza, akashuka korongoni, akawasha moto mkali, akaufukia kabla wenzake hawajarudi. Mtungi ukatoka. Akaujaza maji, akakaa akiutazama. Halikupita hata tone. Gulio lililofuata alichoma mwingine, ukapasuka. Na uliofuata nao hivyo hivyo. Vigae akaviacha korongoni, akapanda nyumbani kwa mtoto wake.

Siku moja mama wa majiko alimfuata mbuzi wake mkaidi mpaka korongoni, akaviona vigae. Mfinyanzi haambiwi. Aliona nyayo za pumba kwenye udongo, akavifunga kwenye kanga, akaenda navyo moja kwa moja barazani.

Kesi haikuwa ndefu. Wanawake walikuwa wamejaa, na mmoja akapaza sauti: "Mwizi wa pumba! Si ungeiba hata mchele, tukajua una njaa!" Watu wakacheka. Mama kijana alisimama na mtoto wake mgongoni, akitazama chini.

Mwenyekiti wa baraza akamuuliza, "Ulitumia pumba?"

"Nilitumia."

"Kwa idhini?"

"Niliomba, nikanyimwa."

Basi ikahukumiwa kwamba asikanyage shimo la udongo kwa mwaka mzima. Mfinyanzi bila udongo! Mwenyekiti akamgeukia mama wa majiko. "Umeshinda, mama. Hivyo vigae vyako kavitupe."

Mama akakusanya vigae. Ndipo kimoja kikabaki mkononi mwake. Akakitazama, akakiweka ulimini, kama wafinyanzi wanavyofanya wakitaka kujua kama udongo uliochomwa unakunywa maji. Akakichukua kingine, akakivunja vipande viwili, akachungulia katikati.

"Hapa ndani mbona peusi kama mkaa?" akamuuliza mama kijana.

"Sijui, mama. Yote ilitoka hivyo."

"Pumba hazikuungua zikaisha. Zimekuwa makaa, zimeziba njia, maji yatapita wapi? Moto huu umekimbizwa. Nani alikufundisha kuchoma kwa pupa namna hii?"

"Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nakuogopa wewe."

Yule wa mchele akajifunika uso kwa kanga.

Mama wa majiko akasema, "Mwenyekiti, kosa hili nililifanya mimi kabla yake. Dawa yake ningemwambia kwa asubuhi moja. Katika kijiji hiki tulikuwa wawili tu tunaohangaika na pumba, na alama yangu imemweka mmoja korongoni na mwingine barazani."

"Kwa hiyo unafuta mashtaka?"

"Sifuti. Nimeshinda, na ushindi wangu ninautaka. Nautaka ili niombe nao. Sheria hii irekebishwe."

Mzee mmoja akaruka. "Vema! Tuifute kabisa, sote tufinyange majiko!"

"Wewe kaa chini," mama akamwambia. "Hata chungu cha maharage kimekushinda." Watu wakacheka tena, naye akangoja watulie. "Alama ibaki. Bila alama wanangu wasingesoma, na nisingekuwa na moyo wa kupasua majiko yote yale. Anayefinyanga jiko la kuuza aje kwangu tukubaliane. Lakini anayejaribu ili ajue, asiitwe mwizi, mradi achome peupe, tumwone. Nilikuwa nauliza nitawatofautishaje, kumbe ni hapo tu. Na atakayepewa alama aseme siku hiyohiyo amefanyaje, na makosa yake ayaseme pia, mwingine asije akaanzia nilipoanzia mimi. Na mtu akiikalia alama miaka na miaka bila kufinyanga hata kisahani, aiachie."

Wapendwa, mmewahi kumwona mtu aliyeshinda kesi akaomba hivyo? Walibishana mpaka jua likaegemea magharibi, lakini walikubali. Hukumu ya shimo la udongo ikaondolewa. Kesho yake wanawake wale wawili walichoma pamoja, katikati ya uwanja, moshi ukionekana na kila mtu.

Mtungi wa kwanza haukufaulu, nisiwadanganye. Uliruhusu maji yapite na tope lake. Wakachekecha pumba upya, zikawa laini zaidi, wakarudia. Safari hii maji yalitoka tone moja moja, meupe. Mtungi ule ukawa wa mama kijana, wenye alama yake mwenyewe. Na mtoto? Mfano huu ni wangu, wapendwa, nami ndiye ninayeusimulia. Mtoto aliishi.

Sisi hatufinyangi vyungu. Lakini nchi yetu nayo ina sheria ya ukucha. Inaitwa hataza. Aliyevumbua kitu hupewa haki ya kukimiliki peke yake kwa muda. Ni haki, na ni jasho lake. Tusiwe kama yule mzee wa baraza, tukadhani kuwapenda wagonjwa maana yake ni kumpokonya mvumbuzi. Mungu aliyempa mtu akili ndiye aliyempa pia watoto wa kulisha.

Lakini kati yetu hapa wapo vijana wa chuo cha kilimo na wa maabara, na wameniambia jambo. Anayetafuta mbegu isiyougua, au dawa mpya, mara nyingi hulazimika kupita kwenye alama za watu wengi, na pengine huogopa hata kujaribu. Wanaojua sheria watasema baadhi ya ruhusa zimo tayari. Inawezekana, mimi si mwanasheria. Basi tuulize kwa upole: kama zimo, mbona watu bado wanaogopa?

Mnajua binti yangu alikufa kwa nini. Daktari alinishika mkono akasema, "Baba, dawa ya ugonjwa huu bado inatafutwa." Sina ugomvi naye, wala na mtu yeyote. Ila usiku na mchana nawaza juu ya hao wanaotafuta. Je, wanatafuta peupe, wakiambiana makosa yao? Au kuna mahali mmoja ameshika kigae chenye jibu la mwenzake, nao hawasemeshani? Sijui. Na kutojua huko ndiko kunakonisimamisha hapa leo.

Mbunge wetu ametangaza kwamba Jumatano atakuja kusikiliza maoni juu ya sheria hii. Watu husema, mambo ya hataza ni ya wasomi, sisi yanatuhusu nini? Nendeni. Msiende kwa kelele. Semeni kwamba mvumbuzi alipwe, na mtafiti asiogope, na ujuzi usifichwe. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuyasema hayo.

Na sasa tusimame tuombe. Tuwaombee wanaotafuta dawa, tuwaombee wagonjwa wanaongoja. Lakini leo tuwaombee zaidi wenye alama, wale walioshinda. Aliyeshindwa hana mlango wa kufungua. Ufunguo anao aliyeshinda, na Bwana ampe moyo wa kukiweka kigae ulimini.