Chikanda cha Bi Subilaga

Ngano yaja!
— Na ije, tumeketi!
Yaja na ukungu!
— Moto tunao!

Hapo kale, kule milimani ambako ukungu hushuka hata mchana, aliondokea mwanamke aitwaye Tupokigwe. Mumewe alifariki, akabaki na mama mkwe wake, Bi Subilaga. Watu walimwambia arudi kwao. Hakurudi. Alimpenda yule mama, na yule mama alimpenda yeye.

Lakini tangu amzike mwanawe, Bi Subilaga hakula. Akapikiwa ugali, akausukuma. Akapikiwa ndizi, akazisukuma. Akaletewa maziwa, akayasukuma. Akakonda, akawa wa kushikwa mkono hata kwenda uani.

Tupokigwe akamsihi ataje chochote. Mama akafikiri, kisha akasema, "Labda chikanda, mwanangu. Kama kipo bado."

Sikilizeni, ninyi mliokuzwa kwa mkate. Chikanda ni ua la mlimani la rangi ya waridi, lipendalo nyasi zenye majimaji. Chini yake kuna viazi viwili vidogo. Kimoja cheusi, kimesinyaa: huyo ndiye mama. Kingine cheupe, kigumu: huyo ndiye mtoto. Cheupe hukaushwa, kikatwangwa, kikapikwa na karanga na magadi mpaka kikashikana, kikakatwa vipande kama nyama. Mnameza mate? Haya.

Tupokigwe akapanda. Mlima wa kwanza, mashimo. Mlima wa pili, mashimo. Yote kazi ya Ambindwile, jirani yao, aliyechimba magunia kwa magunia akauze mbali. Mlima wa tatu, kwenye bonde la tope, akayaona maua yamesimama kama maharusi. Akapiga magoti, akachimba kwa vidole. Kila shina akalitoa mtoto, na mama akamfukia palepale, majani yangali mabichi, apate kuzaa mwingine.

Alipoinuka akamwona Ambindwile kule chini, jembe begani, akifuata nyayo zake.

Kupigana naye hawezi. Kumsihi, wengi walishamsihi. Ndipo akakumbuka kwamba chikanda bila ua ni majani tu, kama majani mengine. Akayavunja maua yote, akazungukia upande wa pili, akaenda kuyachomeka kwenye mteremko ambao Ambindwile mwenyewe aliumaliza mwaka uliopita. Kisha huyo, akashuka nyumbani.

Ambindwile akafika bondeni, akaona majani. Akapita. Akafika mteremkoni, akaona maua. Akachimba, akachimba, akachimba.

Jioni Tupokigwe alivikausha viazi juu ya moto, akatwanga, akapika. Harufu ikatoka hadi njiani. Ambindwile akabisha hodi, amelowa, viganja vimechubuka, gunia tupu. Bi Subilaga akamkaribisha, akamuuliza kilichompata.

"Maua hayana viazi, mama," akasema. "Yamechomekwa tu, kama manyoya kichwani."

Bi Subilaga akamtazama Tupokigwe. Tupokigwe akatazama chungu. Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko akachukua kipande cha chikanda akala. Akachukua kingine. Tupokigwe akageuka ukutani afute macho.

"Mtaka yote hukosa yote," Bi Subilaga akamwambia jirani, akamkatia na yeye.

Ambindwile akala kwa aibu. Alipomaliza akauliza kama chikanda hakiwezi kupandwa nyumbani. Wakajaribu. Wakakipanda kwenye samadi, kikaoza. Wakakipanda kwenye majivu, kikanyauka. Mara ya tatu Ambindwile alipanda mlimani na gunia lake, akarudi nalo limejaa udongo wa bondeni, pamoja na nyasi zake na mizizi yake, wakakipanda humo. Kumbe chikanda hakiishi ugenini bila udongo wa kwao.

Jani moja likachomoza. Tupokigwe akamwambia mama asifurahi mapema, maana hadi kuona ua huenda mvua nyingi zikapita.

Bi Subilaga akainama juu ya fimbo yake, akalitazama lile jani kwa muda mrefu.

"Basi itabidi ningoje," akasema, akaingia jikoni mwenyewe kutafuta cha kula.

Ngano imeiva, nimeipakua. Aliyeshiba anawe!
— Tumenawa!
Mwenye njaa bado, asimulie yake.